Masikio ya Mwidani

Mwidani wa Bofu hakuwa kiziwi, na ole wako umwite hivyo mbele ya mkewe. Radi aliisikia. Adhana ya msikiti wa karibu aliisikia, na nyundo yake mwenyewe alipokuwa akigongea misumari kwenye makochi aliisikia vilevile. Maneno ya watu ndiyo yaliyomfikia yamekatikakatika, kipande hapa na kipande pale, na vilivyosalia akavimalizia kwa kutazama midomo. Kile kifaa cha sikio alichowahi kupewa alikivaa mwezi mmoja tu, kikawa kinampigia mluzi kichwani, akakitia kabatini. Kifaa chake cha kweli alikuwa Mwanarehema, mke wake mkubwa. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa upande wa kulia wa mumewe, akimrudishia taratibu, bila kupaza sauti, kila kilichosemwa barazani, dukani, msibani na hospitalini.

Kazi hiyo watu huidhania rahisi. Haya, jaribu wewe. Kaa mkekani, mavyaa wako yuko mbele yako anatafuna tambuu, anakukazia macho na kumwambia mwanawe, "Huyu mwanamke uliyemtoa Ziwa la Ng'ombe ni gogo. Hatakuzalia hata paka." Kisha mwanawe anakugeukia wewe, macho yote kwenye midomo yako, na kuuliza, "Mama yuasemaje?"

"Yuasema tumbo lamsumbua tena," Mwanarehema alijibu mara ya kwanza ilipomkuta.

Mwidani aliinuka akaenda kumchemshia mamake, Bi Kahaso, tangawizi. Bi Kahaso akainywa yote, akijua fika kilichofanyika. Tangu siku hiyo ukawa ndio mtindo wao wanawake wale wawili. Bi Kahaso alitoa sumu, Mwanarehema akaitia sukari na kuipitisha. Akiitwa tasa, husema mama anauliza kama samaki ametosha. Akiambiwa arudishwe kwao, husema mama anawasalimu wa Ziwa la Ng'ombe. Mwidani akazeeka akiamini kwamba mamake na mkewe ni chanda na pete, na hata alijisifia jambo hilo kwa wateja wake. Lisemwe wazi: Mwanarehema hakuyafanya haya kwa woga. Alimpenda mumewe, na hakutaka afike mahali pa kuchagua.

Alilolitaka duniani lilikuwa moja tu. Alitaka mtoto.

Kesi dhidi yake ilionekana haina rufaa. Zamani, mwaka wa sita wa ndoa, Mwidani alipimwa hospitali, mpimaji akachungulia hadubini na kusema mbegu za bwana huyu ni nyingi na zinaogelea vizuri, hana tatizo. Waliodhani labda ni yale masikio walionyeshwa Swabra, dada yake Mwidani wa tumbo moja. Swabra naye hakusikia vizuri, vilevile kama kakake, na Swabra alikuwa na watoto watano. "Masikio yale yale, damu ile ile, na huyu yuazaa kila akigeuka," Bi Kahaso alisema. "Basi kasoro iko wapi?" Kila mtu alijua iko wapi. Hata Mwanarehema alijua. Alikunywa dawa za mizizi, akachanjwa, akasomewa, akafukizwa, na kila mwezi alilia peke yake chooni na kutoka akiwa amenawa uso.

Hatimaye Bi Kahaso akamtafutia mwanawe mke wa pili katika ukoo. Watu wa ukoo ule walikuwa na desturi ya kuoana wenyewe kwa wenyewe. Bi Kahaso mwenyewe aliolewa na binamu yake. Akamleta Nadira, binti wa kaka yake, msichana mpole wa miaka ishirini na moja. Mwanarehema alimfungulia mlango, akamwonyesha jikoni, akamwonyesha panapovuja mvua ikinyesha. Usiku wa harusi alienda kulala kwao Ziwa la Ng'ombe.

Ikapita miaka saba. Nadira naye kimya, hakuna mimba.

Hapo mwanzoni Mwanarehema alifurahi, na hakuna haja ya kumtakasa kwa hilo, alikuwa binadamu. Lakini Bi Kahaso alipoanza kumgeukia Nadira na yale maneno yake, furaha ikamtoka. Alimkuta msichana analia chooni, mahali pale pale, naye akamwambia, "Toka mwanangu, twende hospitali sote."

Walivuka kwa feri, wakaenda kliniki moja Nyali kwa daktari aliyesifiwa, Daktari Agneta Musyoka, mwanamke wa Machakos mwenye sauti ya chini na barakoa isiyomtoka usoni. Ile barakoa ndiyo iliyomwingiza Mwanarehema chumbani. Mwidani hakuona midomo ya daktari, na Nadira katika miaka saba hakuwa amejifunza kusema na mumewe ila kwa kumpigia kelele. Kwa hiyo Nadira alijitambulisha kama mke, Mwanarehema akakaa upande wa kulia kama kawaida, na daktari akaandika anayoyaandika bila kuuliza huyu wa tatu ni nani.

Swali aliloliuliza daktari halikuwahi kuulizwa na yeyote. "Kwa hii familia kuna mwanamume mwingine hasikii vizuri?"

"Alikuwako mjomba wake, marehemu Luqman," Mwanarehema alisema.

"Alikuwa na watoto?"

"Hakuzaa," Mwanarehema alijibu. Mjomba Luqman alioa wake watatu, mmoja baada ya mwingine, akazikwa bila mtoto. Siku zote ilisemwa alikuwa na bahati mbaya ya kuoa wanawake wabovu.

Daktari alichukua damu ipelekwe ng'ambo, akachukua na mbegu za kupimwa katika maabara yake. Walipokuwa wakiaga alitaja kwamba angependa kuona jinsi kalsiamu inavyoingia katika mbegu za mzee. Basi neno hilo moja wale wanawake wawili walilibeba mpaka Bofu kama dawa. Kalsiamu! Nani asiyejua kalsiamu, si iko kwenye maziwa? Mwidani akaanza kunyweshwa maziwa asubuhi na jioni. Akapikiwa dagaa na vichwa vyao, supu ya mifupa, mchicha, halafu maziwa tena. Bi Kahaso, aliyeambiwa ni lishe tu, alichangia chokaa ya tambuu yake, akasema nayo ni nyeupe, haikosi faida. Mwidani alikula kila alichopewa na kulalamika kwamba makochi yameanza kumbana. Wakeze walicheka mpaka wakashikana mabega. Kwa wiki chache zile nyumba ile ilikuwa na raha ambayo Mwanarehema hakuijua tangu aolewe, maana alikuwa ameanza kuamini kwamba dawa ikimfaa Nadira itamfaa na yeye. Umri wake ulikuwa arobaini na tatu, na mwezi ulikuwa bado unamjia.

Siku ya majibu Nadira aliamka na homa. Wakaenda Mwanarehema na Mwidani.

Daktari aligeuza kompyuta yake iwaelekee. Kwenye kioo mbegu zilikuwa zinakwenda, vichwa vidogo na mikia, zote zimeshika njia yao bila haraka. "Hizi ni za mzee," alisema. "Unaona? Zinaogelea vizuri. Ndiyo maana kila mtu alikuwa anawaambia hakuna shida. Sasa nitawaonyesha za mtu mwingine, nimetia tone la homoni, ile ambayo hupatikana pale karibu na yai."

Za mtu mwingine ziligutuka. Zilizokuwa zikienda moja kwa moja zilianza kujipinda na kuchapa mikia huku na huku, kama samaki aliyetupwa ndani ya mashua.

"Yai lina ganda," daktari alisema. "Halitobolewi kwa upole. Mbegu ikikaribia, lazima ibadilike hivi, ichape mkia kwa nguvu. Kinachoiambia ichape ni kalsiamu. Mkiani kuna milango midogo sana. Yai likiita, milango inafunguka, kalsiamu iliyo nje inaingia ndani, mkia unachapa." Akarudisha za Mwidani. "Hapa nimetia tone lile lile."

Za Mwidani ziliendelea kwenda, taratibu, zimeshika njia.

"Hazikusikia," Mwanarehema alisema.

"Hazina milango. Alizaliwa bila hiyo milango. Kuna kipande cha urithi hakipo katika damu yake, na kipande hicho kilibeba mambo mawili yaliyokaa jirani, moja la sikio, lingine la hiyo milango ya mbegu. Mwanamke akikikosa, anaharibikiwa masikio tu, atazaa kama kawaida. Mwanamume akikikosa, anapoteza yote mawili."

Mwanarehema alimfikiria Swabra na watoto wake watano. Alifikiria mashahidi wote wa kesi yake.

"Na maziwa?" aliuliza, kwa sababu alihitaji kuuliza kitu.

"Maziwa hayahusiki, mama. Kalsiamu iko tele. Mahali pa kupitia ndipo hakuna." Daktari akainamia mbele, sauti ikalainika. "Lakini usihuzunike, dada. Najua ndugu yako ameteseka. Iko njia. Mbegu moja inachukuliwa na sindano nyembamba, inatiwa ndani ya yai moja kwa moja, haitahitaji kuchapa mkia. Inafanywa Nairobi. Yeye ni binamu na mke wake, kwa hivyo mke lazima apimwe damu kwanza. Lakini ana miaka ishirini na minane, mayai yake ni mazuri. Nina matumaini kabisa. Mwambie."

Dada. Ndugu yako. Mwanarehema hakumsahihisha, aliyaacha yapite.

"Na kama mkewe angekuwa na arobaini na tatu?"

"Hapo ningekuwa nadanganya watu, nikikubali. Mayai huzeeka."

"Thelathini na tano?"

"Thelathini na tano ningejaribu. Thelathini, ningejaribu nikiwa nacheka." Daktari akamtazama vizuri. "Kwani tunamzungumzia nani?"

"Mtu namjua."

Mwidani alikuwa ameshachoka kungoja. Alimgusa mkono. "Yuasemaje? Mbona amesema maneno mengi?"

Mwanarehema alimgeukia na kumwambia. Alimwambia polepole, akiyatamka maneno vizuri, kwamba kasoro iko kwake tangu alipozaliwa, ndiyo iliyomharibia masikio na ndiyo iliyomnyima mtoto, na ndiyo iliyomnyima mjomba Luqman. Alimwambia kwamba Nadira anaweza kuzaa kwa sindano, inshallah. La umri wa mayai hakulisema. Alijiambia hilo halimhusu mumewe, ni lake yeye.

Watu wengine wakichoshwa na maneno huziba masikio. Mwidani aligeuza macho. Aliyapeleka kwenye feni ya darini, akayaacha huko mpaka daktari aliposimama kuwaaga.

Njia nzima hakumtazama mkewe midomo.

Walipofika nyumbani Bi Kahaso alikuwa barazani, na Nadira ameegemea ukuta na homa yake. Mwidani alivua viatu, akasimama mbele ya mamake, na kwa ile sauti yake kubwa isiyojijua alisema, "Mama, daktari asema Nadira atazaa. Iko sindano Nairobi."

Mwanarehema alingoja nusu ya pili ya habari. Mwidani akakaa chini.

Bi Kahaso alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Alimshika Nadira mashavu, akambusu, akamwita damu yangu. Kisha akamgeukia Mwanarehema. "Nalisema! Tangu zamani nalisema, kasoro ni gogo hili. Miaka yote hii limetukalia hapa, linakula, linajaza choo. Damu yetu haina ila!"

"Mama yuasemaje?" Mwidani aliuliza.

Sukari ilikuwa tayari mdomoni, kwa mazoea. Mama anashukuru Mungu. Mama anasema karibu uchinje kuku. Mwanarehema alimtazama mumewe, mtu mzima, anajua anachokijua na ameketi kimya, na kifua kikamjaa hasira na huzuni pamoja.

"Yuasema kasoro ni mimi," alisema. "Yuasema mimi ni gogo, nimekaa hapa kula na kujaza choo, na damu yenu haina ila. Ndivyo asemavyo leo na ndivyo asemavyo siku zote. Yale ya tumbo lake, ya samaki, ya salamu za kwetu, nalikuwa nayatunga mimi."

Mwidani hakuelewa mara moja. Ilibidi arudiwe. Aliporudiwa alisimama, na hapo, tumpe haki yake, alijaribu. "Mama, kasoro si yeye. Ni mimi. Daktari amesema ni mimi, masikio na hili ni jambo moja."

Bi Kahaso alitema tambuu. Alisogea mpaka mbele ya mwanawe, akamkamata kidevu, na akasema taratibu, neno kwa neno, midomo yake ikitamka vizuri kabisa. Kumbe alijua siku zote jinsi ya kusema naye.

"Daktari amekwambia kwa mdomo wa nani?"

Nadira aliinamisha kichwa.

Mwidani alimgeukia mke wake mkubwa. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na uso wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa. "Miaka yote hiyo ulikuwa ukinitungia," alisema. "Na ya leo? Yametoka hivyo, ama nayo umeyatunga?"

"Wallahi yametoka hivyo."

Mwanarehema alimwona mumewe akimtazama midomo na kutafuta. Hakuipata imani aliyokuwa akiitafuta, na Mwanarehema hakuwa na kingine cha kumpa, maana kila alichokijua Mwidani kuhusu dunia alikijua kwa mdomo huu huu ambao sasa hakuuamini. Aliumia kuliko siku ya harusi ya Nadira. Aliumia zaidi kwa kuwa hakuona pa kumlaumu mtu mwingine.

"Nenda na Nadira," alisema. "Akusikizie yeye."

Homa ilipomwacha Nadira, wakaenda. Nadira ndiye aliyemsihi Mwanarehema awafuate, kwa kuwa aliogopa kutolewa damu na hakuna aliyejua kumtuliza kama yeye. Lakini chumbani waliingia wawili. Mwanarehema alikaa nje kwenye benchi, kati ya wanawake wenye matumbo na wasio na matumbo, mikono imelala mapajani. Hakujua aifanyie nini mikono yake. Upande wake wa kushoto, mahali ambapo Mwidani angekaa, palikuwa na mkoba wa mtu.

Kwanza hakusikia kitu. Daktari alikuwa anasema kwa ile sauti yake ya chini. Kisha akaanza Nadira, maskini, kwa njia pekee aliyoijua.

"ANASEMA NI WEWE!"

Wanawake wa benchini waliinua vichwa.

"SI DADA MWANAREHEMA! SI MIMI! NI WEWE! TANGU KUZALIWA! MBEGU ZAKO HAZINA MILANGO! KALSIAMU HAIINGII!"

Mmoja aliguna. Mwingine akamnong'oneza mwenzake, wakatazama mlango, wakacheka kidogo na kujizuia. Mwanarehema alikuwa ameyangoja maneno hayo nusu ya maisha yake, yasemwe na mtu mwingine, kwa sauti, mbele za watu. Sasa yalikuwa yanasemwa, na alichokifikiria ni kwamba Mwidani anaaibika na kwamba angeweza kumwambia yote hayo bila mtu wa nje kusikia.

Mlango ulifunguka. Nadira alibaki ndani kutolewa damu. Mwidani alitoka peke yake, akausogeza ule mkoba wa mtu, akakaa.

"Ni kweli," alisema. "Ni kama ulivyosema."

Mwanarehema alitikisa kichwa kukubali.

"Nisamehe."

Alitikisa tena. Kusema kweli alikuwa ameshamsamehe kabla hajatoka.

Mwidani alikunja mikono, akaikunjua. Kisha likamjia jambo, Mwanarehema aliliona likimjia usoni, na uso ukapata nuru kidogo. "Na wewe je? Hiyo sindano. Kama kasoro si yako, si yakufaa na wewe? Hukumuuliza?"

Jibu zuri lilikuwa karibu. Angeweza kusema tumwachie Mungu. Angeweza kusema amesema tuone kwanza ya Nadira. Mwidani angeliamini, angekaa nalo miaka, lingemtosha.

"Nalimuuliza siku ile," alisema. "Amesema mayai yangu yamezeeka. Amesema nikiwa na thelathini na tano, kabla hujamuoa Nadira, ingewezekana."

Mwidani alimtazama midomo mpaka neno la mwisho, na mara hii hakugeuza macho. Halafu akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa asiyoujua ukubwa wake, pale kwenye benchi. Karani alisimama. Siku nyingine zote, sauti yake ikizidi mbele za watu, Mwanarehema humfinya mkono kidogo ili ajue. Safari hii hakumfinya. Aliuweka mkono wake juu ya wake na kumwacha alie, naye akalia pamoja naye.